Njia ya Dunga: shajara ya mradi wa baiskeli na matembezi kando ya ziwa

Huu ni mradi wa wazazi na walimu wa mtaa mmoja wa Kisumu. Tunatengeneza njia nyepesi ya kutembea na kuendesha baiskeli, kuanzia upande wa hifadhi ya swala, ipite Hippo Point, ifike ufuo wa Dunga. Ukianzia katikati ya mji, mwendo wote ni kama kilomita 6 kwenda. Kijana mwenye baiskeli na mapafu yake atasema hizo si kitu, na ni kweli, lakini njia hii haitengenezwi kwa ajili yake. Anayetupimia kazi ni mtoto wa miaka sita mwenye baiskeli ndogo, pamoja na nyanya yake mwenye mkongojo. Hao wawili wakifika Dunga, wakala samaki, wakarudi bila mtu kubebwa mgongoni, hapo tutasema njia ipo.

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na mji wetu umekaa mwisho kabisa wa sehemu hiyo, ndani ya Ghuba ya Winam. Pamoja na hayo, darasani kwangu wapo watoto ambao ziwa wameliona kupitia dirisha la matatu tu. Wazazi wao si wazembe. Kumpeleka mtoto ufuoni kwa miguu ni kumpitisha kati ya malori, bodaboda na mitaro isiyofunikwa, na mzazi mwenye watoto watatu ana mikono miwili.

Januari: kuchagua pa kupita

Tulikuwa na chaguo tatu. Kufuata barabara moja kwa moja, kubana kabisa kwenye maji, au kupita katikati, kwenye vijia ambavyo watu wamevitumia miaka mingi kwenda kuchota maji, kuvua na kuchunga. Barabara tuliikataa mapema. Iliyotutesa ni ile ya majini, kwa sababu ndiyo nzuri zaidi kwa macho. Unasimama pale jua likishuka na hutaki kusikia habari za njia nyingine.

Wazee wa Dunga ndio waliotuondoa kwenye wazo hilo. Mmoja alitupeleka kwenye shina la mti lenye alama ya tope kavu, juu ya kiuno cha mtu mzima, akaweka kiganja pale. "Mwalimu, maji yalikaa hapa 2020. Na baba yangu aliyaona hivyo hivyo mwaka wa uhuru." Nilikwenda kutazama rekodi. Vipimo vya ziwa husomwa Jinja, Uganda, pale Naili inapotoka, na Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo hicho. Rekodi ya awali ilikuwa 13.41, ya mwaka 1964, miezi michache tu baada ya uhuru. Mzee hakuwa amekosea kitu. Ziwa ambalo limepanda hivyo mara mbili katika maisha ya mtu mmoja litapanda tena, na benchi tutakaloliweka chini ya alama ile litakwenda na maji. Tena ukingo wa ziwa una sheria yake. Kanuni za mazingira za 2009 zinazohusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaulinda, na hatutaki kuwa watu wa kumwaga saruji mahali ambapo tunawakataza wengine.

Kwa hiyo tumechukua njia ya katikati. Inaliona ziwa karibu mwendo wote, na inalikaribia pale tu ardhi inapoinuka.

Kupima mwinuko tulitumia pima maji ya fundi wa ujenzi, ubao mrefu na kamba. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba kila mita 20 za mbele njia isipande zaidi ya mita 1. Hicho ndicho kiwango ambacho mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kukipanda bila kusukumwa, na mtoto wa baiskeli isiyo na gia anakipanda akiwa bado anaongea. Ardhi ya huku ni tambarare, kwa hiyo sehemu kubwa imepita bila shida. Sehemu mbili za karibu na Hippo Point zimekataa, na hapo njia itabidi izunguke badala ya kupanda wima.

Februari: mahali pa kuanikia omena

Mwezi mzima tumeutumia kuzungumza, na hatukuinua jembe hata moja. Wenzetu wengine waliona tunachelewa. Mimi naona mwezi huu ndio msingi wa kazi yote.

Kabla ya kufika Dunga kuna uwanja wazi, mpana, mkavu, ambao kwenye karatasi ulionekana umeumbwa kwa ajili ya njia. Nenda pale asubuhi saa mbili uone. Nyavu kuukuu zimetandazwa chini bega kwa bega, na juu yake omena, wembamba kama kidole cha mtoto, wametawanywa kwa mkono mpaka hakuna aliyelala juu ya mwenzake. Mama anayepita kati ya nyavu anaweka unyayo kwenye kijia ambacho mgeni hakioni. Ameshika ufagio wa njiti, anawageuza samaki polepole, huku akiwafukuza ndege kwa sauti bila kuinua kichwa. Jua likiwa kali wanakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikiwakuta nusu wanaoza, na bei inaanguka mpaka chakula cha kuku.

Sasa pitisha hapo watoto kumi wa baiskeli.

Tuliomba kikao kupitia kamati ya ufuo, ile watu wote huiita BMU. Mama aliyesemea wenzake hakuzunguka. "Mwalimu, hapa ndipo karo ya watoto wangu inapokauka. Wewe unaleta watoto wacheze, sawa, nao ni wetu. Lakini gurudumu moja likipita juu ya wavu, nani atanilipa gunia?" Mwingine akauliza vumbi la njia litatua wapi upepo ukivuma kutoka nchi kavu. Swali hilo la vumbi sisi na pima maji yetu hatukuwa nalo kabisa, na ndilo lililobadilisha mchoro.

Tulikubaliana hivi. Njia itapita nyuma ya uwanja, upande wa bara, umbali wa kutosha, na kati yake na nyavu tutapanda ua wa miti mifupi wa kuzuia vumbi. Kipande hicho kitafunikwa kokoto nzito badala ya udongo mwepesi. Baiskeli zote zitasukumwa kwa mkono hapo, watu wazima kwa watoto. Na kila familia inayotaka kuona kazi ya omena ipitie kwa akina mama wenyewe, wao ndio waeleze na wao ndio wauze.

Jambo moja nalo tulijifunza pale. Omena huvuliwa usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mashua nyingi zinapumzika, na uwanja unabaki mtupu. Basi kalenda yetu ya kuleta vikundi vikubwa vya shule itafuata mwezi. Wiki ya mbalamwezi, waje wengi. Wiki ya giza, waje wachache na wapite taratibu.

Machi: udongo

Aliyewahi kutembea uwanda wa Kano wakati wa mvua anaujua udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukilowa unanata, unapanda kwenye gurudumu, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka baiskeli inagoma kuzunguka. Mtoto anashuka kuisukuma, na viatu navyo vinabaki nyuma. Sehemu kubwa ya kijia chetu cha asili iko juu ya udongo huo.

Dawa yake inajulikana, ila ina jasho. Unachimba tabaka la juu, unatoa mizizi na majani, unarudishia mawe, kisha moramu, unamwagia maji kidogo na kushindilia. Unaongeza tabaka jingine, unashindilia tena. Ukimwaga moramu yote kwa mkupuo mmoja, juu panakuwa pagumu na chini panabaki laini, halafu mvua ya kwanza inafumua kila kitu. Vijana wetu wameshindilia kwa gogo lenye mipini miwili, wawili wawili, wakiimba. Wilbaro tulizoazima zimepata pancha mpaka fundi akahamia kazini kwetu.

Upana tumelenga mita 2.5, ili baiskeli mbili zipishane na mzee apite pembeni bila kushtuka. Palipo na shamba la mtu au mti wa kivuli tumebana hadi mita 1.5 na kuweka sehemu pana ya kupishania mbele na nyuma. Hakuna mti uliokatwa. Kivuli cha mti mmoja mkubwa kwenye jua la Kisumu ni nusu ya mradi, na atakayekiondoa ili njia inyooke atakuwa ameondoa sababu ya mtu kupita.

Njia yenyewe tumeilaza ikiinamia kidogo upande wa ziwa, sentimita 2 kwa kila mita moja ya upana. Kwa jicho huoni kitu, lakini maji yanaona. Ikiwa bapa kabisa maji yanasimama na kutengeneza dimbwi. Ikiinama zaidi ya hapo, kiti cha magurudumu kinavutwa pembeni na anayekiendesha anachoka mkono mmoja.

Kalavati mbili zimewekwa pale vijito vya msimu vinapokatiza. Tumekubaliana zisiwe na kingo za saruji zilizosimama wima, kwa sababu mtoto anayejifunza kuendesha huangalia kile anachokiogopa na kukifuata. Kingo zimelazwa kwa mawe na nyasi.

Aprili

Mvua. Hakuna kazi ya udongo. Mmoja wetu hupita kila baada ya mvua kubwa, anachomeka vijiti pale maji yanapokatiza njia. Vijiti hivyo ndivyo vitakavyotuonyesha pa kuongeza mitaro.

Mei: viboko, kichocho na saa za kufungua

Jina la Hippo Point si pambo. Kiboko hukaa majini mchana kutwa, na giza likiingia hutoka kwenda kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Hana nia mbaya na mtu. Akikukuta umesimama kati yake na maji, ndipo hatari inapokuja, kwa sababu njia yake ya usalama umeiziba wewe. Na mwili ule wa zaidi ya kilo elfu moja unakimbia kuliko mwanamume mzima.

Wavuvi walitupitisha tukaona mapito yao kwenye nyasi. Ni mitaro miwili iliyo sambamba na tuta jembamba katikati, kwa maana miguu ya kushoto na ya kulia hukanyaga mbali mbali. Ukishaoneshwa mara moja hutasahau. Mahali mapito hayo yanapokatiza njia yetu hatutaweka benchi, hatutapanda ua, hatutaweka chochote cha kumfanya mnyama asite au mtu akae. Kibao kitasema tu: pita, usisimame.

Huku karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, kwenye kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo saa zetu ni rahisi kukumbuka. Familia zitaingia njiani kuanzia saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni kila mtu awe ameanza kurudi. Najua hili litawauma wengi, maana machweo ya Winam ndiyo watu wanayoyapenda. Yatazameni mkiwa mmeketi Dunga penye watu na taa, kisha rudini mjini kwa gari au tuktuk, baiskeli zikiwa zimefungwa juu. Njia ya kando ya maji si ya watoto wakati wa giza, na katika hili hatutalegeza.

Jingine ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na kuingia mwilini kupitia ngozi, kwa dakika chache tu za kusimama majini. Mtoto aliyetoka jasho atataka kuvua viatu. Tunataka tanki la maji safi na bomba kwenye vituo viwili, ili mzazi anayesema "usiingie ziwani" awe na mahali pa kumwambia mtoto anawe miguu na uso. Kukataza bila kutoa badala yake hakujawahi kumzuia mtoto.

Juni: baiskeli

Fundi wetu anafanyia kazi chini ya mwembe. Miaka ya nyuma alikuwa akihudumia boda za baiskeli, zile za chuma kizito zenye mto wa abiria nyuma. Pikipiki zilipozichukua barabara, kazi ikapungua. Sasa amezungukwa na baiskeli za watoto zilizotoka kwenye mabohari ya wazazi.

Karibu kila baiskeli iliyoletwa ilikuwa na ugonjwa mmoja: breki ngumu. Mkono wa mtoto ni mfupi, hauufikii mpini wa breki vizuri, na ukiufikia hauna nguvu za kuukaza. Fundi amesogeza mipini karibu na usukani, akatoa nyaya zenye kutu na kutia mpya zenye grisi. Kipimo chake nimekipenda. Anamwambia mtoto akaze breki kwa vidole viwili huku yeye anaisukuma baiskeli kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, baiskeli inarudi chini ya mwembe.

Kiti nacho. Wazazi hupenda kukiinua ili baiskeli "ikae miaka mingi". Kwa anayejifunza, nyayo zote mbili zifike chini akiwa ameketi. Akishaweza kusimama na kuondoka mwenyewe, ndipo kipandishwe kidogo kidogo.

Kijana mmoja anayetumia baiskeli ya mkono ya magurudumu matatu alitupimia njia nzima. Alipita kila mahali isipokuwa mdomo wa kalavati ya pili, ambapo gurudumu la mbele lilizama kwenye kokoto zilizolegea. Tumezitoa, tumeweka moramu na kushindilia upya.

Julai: mafunjo

Mwisho wa njia, Dunga, kuna kinamasi cha mafunjo. Mafunjo hupanda mita 4 na zaidi, na ukiingia kwenye njia ya mbao iliyopita katikati yake, mji unapotea sikioni kabisa. Humo anaishi ndege ambaye nje ya mafunjo humpati: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Wataalamu wanamwita Laniarius mufumbiri. Kwa kawaida unamsikia kwanza, dume na jike wakijibizana kwa haraka hadi unadhani ni mmoja, kisha unakaa kimya mpaka ajitokeze.

Mtoto wa miaka sita anaweza kukaa kimya kwa ajili ya ndege huyo. Nimeona. Ila asije na baiskeli kwenye mbao, kwa kuwa mitetemo inawafukuza wote. Baiskeli zitaachwa nje, kwenye vyuma vya kufungia tulivyochomelewa na mafundi wa jua kali.

Njia yetu haikati hata shina moja la mafunjo. Wapo watu wa Dunga wanaoyavuna kwa kusuka mikeka na vikapu, tena wanajua wapi pa kukata na wapi pa kuacha yachipue. Kinamasi hicho pia huchuja maji machafu ya mji kabla hayajafika ziwani, na samaki huzalia humo. Wametuomba jambo moja tu, tusiwaletee takataka. Kwa hiyo hakutakuwa na mapipa ya taka katikati ya njia, maana pipa lililojaa hupinduliwa na tumbili na upepo. Kila familia itarudi na taka zake, na mapipa yatakuwa mwanzo na mwisho, penye mtu wa kuyaangalia.

Agosti: likizo, familia za majaribio

Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, kwa hiyo tulingoja Agosti kwa makusudi, tuijaribu njia uwanja ukiwa na nyavu tena. Familia zilikuja na kila aina ya chombo: baiskeli, kigari cha mtoto mchanga, mkongojo, na baba mmoja aliyembeba bintiye mabegani tangu mwanzo hadi mwisho kwa hiari yake.

Kwenye uwanja wa omena watoto walishuka na kusukuma baiskeli bila kuambiwa mara ya pili. Harufu na wingi wa samaki uliwashangaza kiasi kwamba kushuka kulikuja kwenyewe. Mama yule wa gunia aliuza mpaka akatuma mtu kuleta mengine.

Upepo ndio ulioamua upande wa kuanzia. Asubuhi ziwa limetulia. Mchana bara linapopata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, wakati mwingine kwa nguvu. Anayetoka mjini asubuhi anakwenda Dunga bila upinzani, na anaporudi alasiri upepo unamsukuma mgongoni, saa ambayo miguu ya mtoto imechoka. Waliofanya kinyume, wakaanzia Dunga kuja mjini na kurudi alasiri, walifika wakiwa na watoto wanaolia. Vibao vyote sasa vitaelekeza kuanzia mjini.

Nyanya mmoja alituonyesha umbali wa benchi bila kujua. Tulimwomba aketi popote anapotaka, nasi tukaweka jiwe lenye rangi pale alipoketi. Aliketi mara nyingi kuliko michoro yetu ilivyosema, na karibu kila mara chini ya mti. Benchi zinafuata mawe yake.

Septemba: kilichobaki

Matanki mawili ya maji hayajafika. Ua wa kuzuia vumbi umeshika, ila mbuzi wameula upande mmoja, tumeuzungushia miiba. Kipande kifupi baada ya Hippo Point kinahitaji moramu zaidi kabla ya mvua za vuli. Vibao vinaandikwa kwa Kiswahili na Dholuo, maandishi makubwa, na picha ya kiboko kwa asiyesoma bado.

Kazi ni kila Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi, tunakutana nje ya hifadhi ya swala. Mwenye jembe, koleo au wilbaro aje nayo. Watoto wanakaribishwa, kuna mawe madogo mengi ya kupanga kwenye kingo, na kazi hiyo wanaifanya vizuri kutushinda.